Kitenge Chini ya Sweta

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba ninaumwa mgongo. Mgongo wangu ni mzima. Niliwaambia hivyo wanakwaya wenzangu, nikawaambia walimu wa shule ya watoto, nikamwambia mama mkwe wangu kwenye simu, na chuo kikuu nilipokiomba kiahirishe tasnifu yangu nilikiandikia kwa Kifaransa safi kuwa nina tatizo la uti wa mgongo. Kilichoharibika hakikuwa mgongo. Kizazi changu kilikuwa kimeshuka. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, watoto wawili, shahada ya pili ya sosholojia, na kiungo ambacho hakikutaka tena kukaa mahali pake. Nikisimama kwa muda mrefu nilikisikia pale chini, kizito, kama yai la bata lililokosea njia. Haya, nimesema. Dunia haijaanguka. Kilichoanguka ni kizazi tu, na hicho kilianguka zamani.

Nisingesema hata leo kama mwezi uliopita tusingemzika Maman Riziki, jirani yangu wa zamani. Matanga yalifanyika katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa letu hapa Schaerbeek, kwa Wabelgiji, nami nilikuwa jikoni nikiosha sahani za sombe, yaani kisamvu, pamoja na mke wa mjukuu wake, binti mrembo mwenye mtoto wa miezi michache. Binti yule alipiga chafya. Kabla ya kupiga alikunja mguu mmoja juu ya mwingine na kuushika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, kama mtu aliye ndani ya basi lililofunga breki. Nilikijua kitendo kile. Ningeweza kukitambua katikati ya uwanja uliojaa watu. "Ni nini, mama?" nikamuuliza. "Mugongo tu, maman," akajibu bila kuniangalia. Nami, ambaye nimeandika makala chungu nzima juu ya ukimya wa wanawake, ambaye nimekatiwa hata tiketi ya ndege kwenda kuzungumzia ukimya wa wanawake, nikajibu, "Pole. Hata miye, mugongo." Tukaendelea kukausha sahani, migongo yetu imenyooka kama ya askari wa gwaride.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule aliozaliwa Josué. Neema alikuwa na miaka mitatu. Tulikaa ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti, vyumba vitatu vilivyopangana kama mabehewa ya treni; kile cha katikati hakikuwa na dirisha, na ndicho tulichokiita sebule. Ngazi zilikuwa nyembamba na zenye mwinuko mkali, na gari la mtoto halikuruhusiwa kuachwa chini kwa sababu mzee wa ghorofa ya kwanza alidai linamzibia njia. Mume wangu Déo alifanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba moja kule Uccle. Alirudi jioni na kunisimulia jinsi wafanyakazi walivyokatazwa kumnyanyua mtu kwa mikono: kuna mashine, ina mikanda na injini, unabonyeza kitufe na bibi wa kilo themanini anapaa polepole kama Bikira Maria akipalizwa mbinguni. Nilimsikiliza huku nimembeba Josué begani na Neema ananing'inia pajani. Mashine ya nyumba yetu ilikuwa mimi, na hakuna aliyekuwa amesoma maelekezo yake.

Nilikigundua kitu hicho bafuni, wiki chache baada ya kujifungua, nikakithibitisha kwa kioo cha Déo cha kunyolea ndevu, ambacho baadaye nilikiosha kwa sabuni mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Daktari hakushtuka. Alisema huwapata wanawake wengi, hasa mtoto akiwa mkubwa na kusukuma kukichukua muda. Alisema hatua niliyofikia bado ni ya kujaribu mazoezi, na akaniandikia vipindi kwa mtaalamu wa viungo. "Usinyanyue vitu vizito," akaongeza. Nikamshukuru, nikamnyanyua Josué na kiti chake, nikamnyanyua Neema aliyekuwa amelala chini akigoma, nikatoka. Mlangoni nilikumbuka kuuliza: je, na upasuaji? Upo, akasema, lakini ni afadhali kuungoja hadi mtu awe amemaliza kuzaa, kwa sababu mimba nyingine inaweza kuharibu yote yaliyoshonwa.

Sisi hatukuwa tumemaliza. Josué alikuwa amepewa jina la upande wangu, kwa makubaliano, na mtoto wa tatu alikwishapewa jina kabla ya kutungwa: Bisimwa, jina la baba mkwe wangu kule Bukavu. Déo alimtaja kama mtu aliyesafiri kidogo. "Kitanda hiki tusikiuze," alisema, "Bisimwa atalalia wapi?" Hata mimi nilikuwa nimeanza kumzoea. Kwa hiyo mwaka ule nilikuwa na jambo moja tu la kufanya: kukirudisha kizazi mahali pake bila kisu, ili Bisimwa apate pa kukaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa tasnifu yangu. Ile nyingine, iliyohusu mwili wa mwanamke katika mazungumzo ya jamii, ilikaa kwenye sanduku chini ya nepi.

Maman Riziki alikuwa mjane, mtu wa Bukavu kama sisi, mama mnene mwenye sauti ya mwamuzi wa mpira, akiishi jengo la pili kutoka letu. Alasiri alinishikia watoto bila kuombwa. Siku niliyotoka hospitali alipanda ngazi zote zile na chupa ya uji wa mtama mkono mmoja na kitenge kilichokunjwa mkono wa pili. Kwetu mzazi hufungwa tumbo. Hilo halikuwa jambo la kujadiliwa. "Tumbo ya muzazi haiwezi bakia wazi sawa mulango ya café," alisema. Alinisimamisha katikati ya sebule, akaninyooshea mikono juu, akanizungushia kitenge kiunoni mara mbili, akaegemeza goti lake mgongoni mwangu na kuvuta kama mtu anayefunga gunia la makaa. Ilikuwa raha. Sioni aibu kusema hivyo. Baada ya miezi ya kujisikia kama nyumba iliyobomolewa ukuta, mtu alikuwa amenikusanya na kunifunga fundo.

Na nilipojua kwamba kuna kitu kinashuka, akili yangu, hiyohiyo iliyosoma mpaka chuo kikuu, iliniambia jambo rahisi: kinachoanguka hufungwa. Sikumweleza Maman Riziki chochote. Nilimwomba tu akaze.

"Tena?" akashangaa. "Utakufa, weye!"

"Kaza tu, maman."

"Eh! Mutoto ya Bukavu njo huyu! Ba jeunes ya leo, unabafunga kidogo, banalia sawa mbuzi."

Nilijivuna. Desturi humfunga mzazi kwa wiki kadhaa. Mimi nilipitisha majira ya baridi yote, kitenge chini ya sweta, sweta chini ya koti. Kila asubuhi Maman Riziki alipochelewa nilijifunga mwenyewe, nikiibana ncha yake moja kwenye mlango wa kabati na kujizungusha.

Jumanne nilikwenda kwa mtaalamu wa viungo. Aliitwa Véronique, mwanamke wa rika langu, mikono yenye joto, na mezani kwake palikuwa na nyonga ya plastiki ya rangi ya waridi ambayo Neema alitaka kuivaa kama kofia. Alinifundisha kukaza misuli ya chini. "Fikiria lifti," alisema. "Funga mlango. Ipeleke ghorofa ya kwanza. Sasa ya pili. Usizuie pumzi." Nilijitahidi. Katika maisha yangu yote ya Schaerbeek lifti niliyoimiliki ni hiyo moja, nayo ilifika ghorofa ya kwanza na kukatika kamba. Niliipandisha kwenye foleni ya duka la Mturuki, niliipandisha kwenye tramu nikiwatazama watu machoni, niliipandisha nikimwogesha Josué. Nilikula mboga na matunda ili nisisukume chooni; niliweka miguu juu ya kijistuli cha Neema, naye akawa anakuja kukidai mlangoni kwa machozi. Kwenye kwaya nilihama kutoka mstari wa mbele wa soprano, kwa sababu kila noti ya juu ilisukuma kitu chini, hadi nikaomba kiti. "Soprano ya kuimba akikaa, tuliona wapi hiyo?" rais wa kwaya alitangaza mbele ya wote. "Ni mugongo," nikasema. "Basi Mungu aponye mugongo, tumuombee." Wakanizunguka na kuniwekea mikono mgongoni, watu wasio na hatia, wakauombea mgongo mzima kwa bidii kubwa.

Kabla ya kila kipindi nilipitia choo cha mkahawa ulio kando ya ofisi ya Véronique, nikafungua kitenge na kukisokomeza chini ya gari la mtoto. Baada ya kipindi nilirudi kulekule na kujifunga tena. Véronique hakujua kuhusu kitenge, kwa maana nilidhani angecheka. Maman Riziki hakujua kuhusu Véronique, kwa maana nilijua angecheka. Hivyo tiba mbili zilikaa ndani ya tumbo moja miezi mingi bila kutambulishwa, na mimi katikati nilijiona mwerevu, mtu anayekula meza mbili. Wala sikupona. Jioni yai lilikuwa palepale, na siku nyingine lilikuwa chini zaidi.

"Sielewi," Véronique alikuwa akisema. "Misuli yako inafanya kazi. Lakini ni kama kuna mtu anayebomoa kila tunachojenga."

Siku ya kwanza ya joto kali tramu zilikuwa kwenye mgomo. Nilikwenda kwa miguu nikisukuma gari, Josué analia, Neema anataka aiskrimu, nikafika nimechelewa na jasho linanitiririka, na mkahawa ulikuwa umefungwa. Nililala juu ya kitanda cha Véronique nikitumaini muujiza. Akainua fulana yangu. Kitenge kilikuwa kimelowa, na fundo lilikuwa limekaza kiasi kwamba ilibidi alifungue kwa ncha ya mkasi.

"Hii ni nini?"

"Desturi," nikasema. "Baada ya kuzaa."

"Josué anakaribia kutambaa."

"Ndiyo."

"Unaifunga kila siku?"

"Isipokuwa hapa kwako."

Hakucheka. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alichukua mto kichwani mwa kitanda, akakizungusha kitenge changu katikati yake na kuvuta. Mto ukatutumka juu na chini. Aliniachia niutazame. Ule uvimbe wa chini ulisukuma kasha la mto mpaka mshono wake ukaonekana. "Vitu vyote vya tumboni vinatafuta pa kwenda," alisema taratibu, kama anayezungumza na Neema. "Na mlango wako wa chini ndio uliokuwa dhaifu." Kisha akakikunja kitenge vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka juu ya kiti. Najua wanawake waliopona kwa mazoezi yale. Nimekutana nao tangu hapo, wanatembea wima na hawana siri. Inawezekana ningekuwa mmoja wao. Inawezekana pia nisingekuwa. Nimeishi na maswali hayo mawili muda mrefu, na kila moja linasubiri mwenzake alale ndipo liamke.

Jioni ile Maman Riziki alipokuja nilikuwa sina kitu kiunoni. Nilimwambia ukweli nusu: kwamba kuna mtu wa hospitali anayenihudumia, kwamba amekataza kufunga, kwamba kunanisukumia vitu chini. Aliketi kwenye kiti cha Déo bila kuvua koti.

"Donc miye njo nilikuharibu."

"Sijasema hivyo, maman."

"Unasema. Kinywa yako haisemi, lakini unasema." Alimtazama Josué aliyekuwa akinyonya mkono wake. "Nilifunga ba mama ya Bukavu, ba mama ya Goma, ba mama ya huku kwa ba Belge. Hakuna hata moya alirudia kwangu kulalamika. Hata moya!"

Nilifikiria wanawake wale wote, Bukavu, Goma, Schaerbeek, na nikajua kwa nini hawakurudi kulalamika. Mimi mwenyewe, nikiwa nimelala kwenye kitanda cha mtaalamu, katika nchi ambayo watu hulipwa ili wakuulize swali hilo, nilikuwa nimeficha. Wangelalamika kwa neno gani? Wengine walikuwa na mgongo, bila shaka. Mji mzima wa wanawake wenye migongo. Nilitaka kumwambia hivyo Maman Riziki, lakini alikuwa amesimama tayari, akakichukua kitenge chake kutoka mezani. Wiki iliyofuata alimwambia Déo kwamba haji tena kwa sababu ngazi zinamuumiza magoti. Magoti yake yalikuwa mazima kama mgongo wangu.

Bila yeye nilibaki na watoto siku nzima, na kanuni ya kutonyanyua ikawa kichekesho. Mtoto anayelia chini ya ngazi hanyanyuki kwa nadharia. Siku moja mwishoni mwa kiangazi nilirudi na gari la mtoto, unga wa muhogo, Josué amelala na Neema akatangaza kwamba miguu yake imekufa. Alijilaza kwenye ngazi ya kwanza kama maiti. Nilimbembeleza, nikamtishia, nikamwahidi biskuti. Mzee wa ghorofa ya kwanza akafungua mlango na kutazama gari la mtoto. Basi nikamweka Neema mgongoni, nikamkumbatia Josué kifuani, nikapanda. Kwenye kona ya pili nilisikia kitu kikiteremka ndani yangu, polepole, bila maumivu, kama soksi inayoingia ndani ya kiatu. Niliketi pale kwenye ngazi. Neema alinikumbatia shingoni na kuniuliza, "Maman, na miguu yako imekufa?" Nikamwambia ndiyo, na yangu.

Pale hospitali ya Woluwe daktari alisema hatua imesogea. Alinipa pete ya mpira ya kuwekwa ndani ili izuie. Pete ile ilinikaa siku chache za furaha, hadi nilipokuwa nikisonga bugali, nimebana sufuria, nimeukandamiza mwiko kwa uzito wa mwili wote kama inavyopaswa, ikatoka. Nyingine kubwa zaidi ikaniumiza, ikatolewa. Daktari alieleza habari ya upasuaji na orodha ya kungojea, ambayo ilikuwa ndefu. Urefu wake ulinifurahisha. Niliandikisha jina langu kama mtu anayetia barua kwenye chupa na kuitupa baharini, na kwa Déo nikasema habari ya upasuaji tu, si ya orodha.

"Anasema kuna operesheni," nilimwambia tukiwa mezani.

"Et après?"

"Kisha hakuna tena kuzaa."

Alimkatia Neema nyama vipande vidogo, vidogo kuliko ilivyohitajika. "Tungoje kwanza. Uendelee na mazoezi. Sasa kitenge hakuna, labda itarudi."

"Ninangoja toka Josué azaliwe, Déo."

"Si kwa ajili yangu. Papa ataniuliza, Bisimwa iko wapi?"

"Mwambie mama yake iko na mugongo."

Nilidhani atacheka, kwa kawaida ndivyo tulivyotoka kwenye vitu vigumu. Alisimama akaosha sahani yake, akaosha na yangu iliyokuwa bado na chakula. Tangu siku ile hatukulizungumza tena. Alichukua kazi ya kusonga bugali, akaisonga vibaya, yenye madonge, nasi tukaila. Mimi nilifanya mazoezi nikiwa nimelala sakafuni, miguu juu ya kochi, Josué akitambaa juu ya tumbo langu. Nililia pia, lakini mara nyingi wakati wa kupiga pasi, maana mvuke unasaidia. Sikukililia kizazi. Kiungo ni kiungo. Nilimlilia mtu mmoja mdogo ambaye hakuwapo, ambaye nilikuwa nimemfungia mlango kwa mikono yangu, kwa kitenge, huku nikiomba kikazwe zaidi.

Simu ililia Ijumaa moja ya vuli, jioni mapema, taa za barabarani zikianza kuwaka. Déo alikuwa jikoni akisonga, Neema chini ya meza, Josué amesimama ameshika suruali yangu na kuninyooshea mkono mmoja. Namba haikuonekana. Ilikuwa sauti ya kike, changamfu, yenye kusikika mpaka jikoni, ya mtu anayetaka kumaliza kazi na kwenda zake wikiendi. Alisema ni katibu wa upasuaji. Mgonjwa mmoja ameghairi. Kuna nafasi Jumatano ijayo asubuhi. Wanaofuata kwenye orodha hawapokei simu. "Vous prenez, madame?" Ni hivyo hivyo wauza samaki sokoni wanavyosema: unachukua?

"Nachukua," nikasema.

Alinielekeza nije bila kula, nije na mtu wa kunirudisha, na kwamba nisimnyanyue mtoto yeyote wiki sita. Nilisema ndiyo kwa kila kitu. Kisha akasema kuna swali moja tu, la kawaida, wanamuuliza kila mtu: je, ninapanga ujauzito mwingine?

Jikoni mwiko ulinyamaza. Déo hakugeuka. Nilimwona mgongo tu, na mvuke ukipanda kandoni mwake, na nikaanza kusikia harufu ya bugali ikishika chini ya sufuria. Angeweza kugeuka. Nilimpa muda, nilimpa muda mwingi sana, mpaka yule mwanamke akasema, "Madame? Mko hapo bado?"

"Hapana," nikamwambia. "Tumemaliza."

"Très bien," akasema, na nikasikia vidole vyake vikiliandika jibu. Déo alizima gesi. Akaja akamchukua Josué kutoka kwenye mguu wangu, akamnyanyua juu.